Notre Dame au Ohio State: ukiamka saa tisa usiku, ushabikie nani?

(Haya niliyaandika Januari 2025, kabla ya fainali kuchezwa.) Mpwa wangu anasoma Morogoro, mwaka wa pili. Juzi nimeamka nikakuta ujumbe wake wa sauti: "Shikamoo mjomba. Nimeiona ile pointi ya mwisho ya Notre Dame, nimerudia mara tatu. Sasa fainali nishabikie nani, wao au Ohio State?" Nilimwitikia marahaba, nikamwambia jibu ni refu, nitamwandikia. Najua hayuko peke yake. Vijana wengi nyumbani wameanza kuufuatilia mchezo huu wa futiboli ya Kimarekani kupitia vipande vya video, na fainali ya vyuo itachezwa Jumatatu tarehe 20 Januari 2025 pale Atlanta, saa moja na nusu jioni kwa saa za huko. Kwetu itakuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Mtu anayeutoa usingizi wake kwa ajili ya mechi anastahili kujua anaenda kumwangalia nani.

Kwa mgeni, kanuni zinazotosha ni hizi. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa 4 mengine. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wenzao. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke dogo la nyongeza linaleta ya 7. Ukikwama karibu unaweza kuupiga teke upite katikati ya milingoti, ukapata 3. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ile pointi ya mwisho, maana ndani yake ndimo ilimo Notre Dame nzima.

Alhamisi tarehe 9 Januari, Miami Gardens, nusu fainali inayoitwa Orange Bowl. Notre Dame na Penn State wako 24 kwa 24, na dakika ya mwisho inayoyoma. Mpira ni wa Penn State, upande wao wenyewe wa uwanja. Kwotabeki wao, Drew Allar, anabanwa, anarudi nyuma, anaurusha mpira chini chini kuelekea katikati. Christian Gray, mlinzi wa Notre Dame, anajirusha mbele na kuunasa sentimita chache juu ya nyasi. Zimebaki sekunde 33. Wenzake wanasogea kidogo tu, kiasi cha kumkaribisha mpigaji. Anaingia Mitch Jeter, umbali wa yadi 41, anapiga teke moja. Mpira unapita, saa inasoma sekunde 7. Notre Dame 27, Penn State 24.

Ukitazama kipande hicho peke yake utadhani ni bahati. Tazama mechi yote. Walikuwa nyuma 10 kwa 0. Kwotabeki wao Riley Leonard aligongwa kabla ya mapumziko, akatolewa akapimwe kichwa, na kijana wa akiba Steve Angeli akaingia akawapeleka hadi wakapata pointi 3 za kwanza. Leonard akarudi, akafunga kwa miguu yake. Mwanzo wa robo ya nne na ya mwisho ya mechi, Jeremiyah Love, mkimbiaji mpira, alipewa mpira yadi 2 kutoka mstarini. Wachezaji wa Penn State walimdaka kabla hajafika. Akajinyonga, akasukuma na mguu mmoja, akaunyoosha mkono wenye mpira mpaka ukavuka. Goti lake lilikuwa linamsumbua tangu mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Zile zilikuwa yadi 2 tu, na kwangu ndizo yadi kubwa zaidi za usiku ule.

Penn State walijibu, wakapita mbele 24 kwa 17, tachidauni zao zote 3 zikiwa za mtu mmoja, Nicholas Singleton. Notre Dame wakasawazisha kwa pasi ya yadi 54 kwenda kwa Jaden Greathouse, mlinzi wake akiwa ameteleza na kuanguka. Kisha ndipo akaja Gray, na baada yake Jeter.

Ndivyo timu hii inavyoishi. Tarehe 7 Septemba walifungwa nyumbani kwao na Northern Illinois, 16 kwa 14, chuo ambacho hakuna aliyekitaja kabla ya mechi. Siku hiyo wengi waliwazika. Tangu hapo wameshinda 13 mfululizo. Hatua ya kwanza ya mtoano waliwatoa majirani zao Indiana 27 kwa 17, Love akikimbia yadi 98 kwa mkupuo mmoja. Robo fainali dhidi ya Georgia ilisogezwa mbele siku moja, kutoka tarehe 1 hadi 2 Januari, baada ya mtu kuwavamia watu kwa gari mtaa wa Bourbon, New Orleans, mji wa mechi yenyewe, na kuua 14. Mji ulikuwa msibani. Mechi ilipochezwa, Notre Dame walishinda 23 kwa 10, na kipindi cha pili kilianza kwa Jayden Harrison kuupokea mpira wa kuanzia na kukimbia nao yadi 98 hadi mwisho.

Katika mechi hiyo ya Georgia kuna ujanja mmoja ambao mpwa wangu lazima autafute. Ni jaribio la nne, Notre Dame wako ndani kabisa ya eneo lao, kila mtu anajua watapiga teke la kuondoa hatari. Wanaingiza kikosi cha teke. Ghafla wachezaji wote 11 wanatoka mbio na safu ya mashambulizi inaingia. Georgia wanachanganyikiwa, mtu wao anavuka mstari kabla ya wakati, wanaadhibiwa, na Notre Dame wanabaki na mpira. Kocha anayethubutu hivyo mechi ikiwa mkononi anawaamini vijana wake.

Kocha huyo ni Marcus Freeman, na hapa ndipo fainali inapokuwa tamu. Freeman amekulia Ohio. Alichezea Ohio State, alikuwa mlinzi wa katikati, na alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Chicago Bears mwaka 2009 kabla ya tatizo la moyo kumkatisha uchezaji. Baba yake ni Mmarekani mweusi aliyetumikia jeshi la anga. Mama yake ni Mkorea. Hakuna kocha mkuu mweusi aliyewahi kufika fainali hii ya taifa ya vyuo kabla yake, wala mwenye asili ya Asia. Na mechi inachezwa siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King, katika mji alikozaliwa King mwaka 1929. Mimi hili halinipiti hivi hivi. Ningependa kila mtoto wetu anayeamka saa tisa alijue kabla mpira haujapigwa.

Sasa mpinzani.

Ohio State wamefika kwa njia nyingine kabisa. Wamepoteza mechi 2. Ya kwanza ugenini kwa Oregon mwezi Oktoba, 32 kwa 31. Ya pili ndiyo iliyouma: tarehe 30 Novemba, nyumbani, walifungwa na mahasimu wao Michigan 13 kwa 10, mara ya 4 mfululizo. Ukitaka kuielewa Ohio State na Michigan, fikiria Simba na Yanga, halafu wakutane mara moja tu kwa mwaka. Mashabiki wengi walitaka kocha Ryan Day aondoke usiku ule ule. Huu ni mwaka wa kwanza mtoano kuwa na timu 12. Zamani zilikuwa 4, na kwa matokeo hayo Ohio State wangekuwa sebuleni kama sisi.

Walipewa nafasi ya pili, na wameitumia kwa hasira. Waliwapiga Tennessee 42 kwa 17. Oregon, ambao hawakuwa wamefungwa na mtu msimu mzima, walijikuta nyuma 34 kwa 0 kabla ya mapumziko, mwisho ukawa 41 kwa 21. Mpokeaji pasi wa Ohio State, Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, alidaka pasi 7 za yadi 187 na kufunga mara 2 siku hiyo. Narudia, mwaka wa kwanza. Mpwa wangu amemzidi darasa.

Nusu fainali dhidi ya Texas, tarehe 10 Januari pale Arlington, ilikuwa ngumu zaidi. Texas walimziba Smith hadi akapata pasi moja tu, ya yadi 3. Hapo ndipo Ohio State walipoonyesha kwamba hawamtegemei mtu mmoja. Texas waliposawazisha 7 kwa 7 karibu na mapumziko, mkimbiaji TreVeyon Henderson alipokea pasi fupi na kukimbia yadi 75, ikiwa imebaki chini ya nusu dakika. Baadaye, kwenye jaribio la nne, kwotabeki Will Howard alikimbia mwenyewe yadi 18, na Quinshon Judkins akamalizia kazi: 21 kwa 14.

Kisha Texas wakafika yadi 1 kutoka mstarini. Yadi moja. Jaribio lao la pili likarudishwa nyuma yadi 7, la tatu likapotea, la nne kwotabeki Quinn Ewers akajiandaa kurusha. Jack Sawyer, mzaliwa wa Pickerington, mji ulio kando tu ya Columbus yalipo makao ya Ohio State, akamfikia, akaupiga mpira ukatoka mkononi, akauokota mwenyewe na kukimbia nao yadi 83 uwanja mzima. 28 kwa 14. Ewers alianzia chuo Ohio State, na Sawyer alikuwa anaishi naye chumba kimoja. Kijana wa nyumbani, mpira wa maisha yake, dhidi ya rafiki yake. Nilisimama peke yangu mbele ya runinga nikipiga makofi, ingawa timu ile si yangu.

Basi tuwaweke sasa ana kwa ana.

Tofauti kubwa kwangu ni wakati. Ohio State wanaua mapema. Katika mechi zote 3 za mtoano wamefunga tachidauni mara ya kwanza tu waliposhika mpira. Tennessee na Oregon walijikuta wameshalala kabla hawajafunga kamba za viatu. Notre Dame wanaua mwisho. Penn State waliongoza kwa 10 na bado wakafungwa. Kwa hiyo swali la mechi hii si nani bora kwa ujumla. Swali ni kama Notre Dame watafika robo ya mwisho wakiwa bado wanapumua. Wakiwa nyuma kwa pointi 7 au pungufu dakika 10 za mwisho, mimi nawaamini wao kuliko mtu yeyote. Wakiwa nyuma kwa 20, hakuna Jeter wala Gray atakayewaokoa.

Ya pili ni wapokeaji pasi. Kuna jambo kuhusu Orange Bowl ambalo wanaoshangilia teke la mwisho hawalitaji: hakuna hata mpokeaji mmoja wa pembeni wa Penn State aliyedaka pasi mechi nzima. Hata mmoja. Sifa ni ya walinzi wa Notre Dame na mwalimu wao Al Golden, anayependa kukaba mtu kwa mtu. Lakini pia ni onyo. Wapokeaji wa Penn State si wa kiwango cha Ohio State. Huku kuna Smith, kuna Emeka Egbuka mwenye jina la Kiigbo na mikono isiyoangusha kitu, kuna Carnell Tate. Ukimkaba Smith kwa watu wawili kama Texas, wale wengine wawili wanabaki na mtu mmoja mmoja. Notre Dame walimpoteza beki wao bora wa pembeni, Benjamin Morrison, kwa jeraha la nyonga tangu Oktoba. Gray amekua haraka, na Xavier Watts nyuma yake ni mwizi wa pasi kweli kweli, ila usiku huo watakuwa na kazi ambayo hawajawahi kupewa msimu huu.

Ukuta wa mbele, pande zote mbili wana viraka. Notre Dame wanamkosa Rylie Mills aliyeumia goti mechi ya Indiana, na kijana Anthonie Knapp anayemlinda Leonard upande wa kushoto aliumia kifundo cha mguu Miami. Ohio State walimpoteza Josh Simmons kwenye nafasi hiyo hiyo tangu mechi ya Oregon ya Oktoba, na Seth McLaughlin wa katikati mwezi Novemba. Lakini wao wamepata miezi ya kuziba, Donovan Jackson amehamishiwa pembeni na anacheza kama aliyezaliwa hapo. Notre Dame wana siku 11 tu. Hili linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu watakaomkimbilia Leonard ni Sawyer na JT Tuimoloau.

Kwa ulinzi, Ohio State ndiyo timu iliyoruhusu pointi chache zaidi kwa mechi nchini msimu huu, wastani chini ya 13. Notre Dame wako karibu sana nyuma yao, na wao wanasifika kwa kunyang'anya mpira. Hapo sioni pengo.

Makwotabeki wanafanana kuliko watu wanavyosema. Wote wawili wamehamia mwaka huu, Leonard kutoka Duke na Howard kutoka Kansas State. Howard ni mrushaji bora, hilo halina ubishi. Leonard ni mgumu: akiona yadi 3 zinahitajika, anainamisha kichwa anaingia. Nampenda kwa hilo, na namwogopea kwa hilo hilo baada ya kilichotokea Miami.

Historia inasema Ohio State. Timu hizi zimekutana mara 8. Notre Dame walishinda 2 za kwanza, 1935 na 1936, na hawajashinda tena. Freeman alianza msimu wake wa kwanza kamili kama kocha mkuu kwa kufungwa 21 kwa 10 Columbus, Septemba 2022. Mwaka uliofuata, nyumbani South Bend, alikuwa anaongoza 14 kwa 10 hadi sekunde za mwisho. Ohio State wakafunga ikiwa imebaki sekunde 1. Kilichouma si kufungwa, ni kwamba katika majaribio 2 ya mwisho Notre Dame walikuwa na watu 10 uwanjani badala ya 11. Hesabu ya mtu mmoja. Kocha mwingine angetafuta wa kumlaumu. Freeman alisema kosa ni la benchi. Kocha yule yule, mwaka mmoja na miezi michache baadaye, ndiye aliyebadilisha watu 11 kwa mkupuo mbele ya Georgia bila kukosea hata mmoja.

Kombe nalo: Notre Dame hawajalichukua tangu msimu wa 1988. Ohio State walilichukua msimu wa 2014. Mmoja ana njaa ya miaka 36, mwingine ya miaka 10.

Kuna watu wangu watakaochagua kwa sababu za ukaribu, na sababu hizo ni halali. Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa 1842 na padre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile lililofika Uganda mwaka 1958 na ambalo leo lina watu wake pia Kenya na Tanzania. Ukiwa umesoma kwao au umebatizwa parokiani kwao, tayari una timu. Ohio State ni chuo cha umma, na Columbus ni mji wenye moja ya jamii kubwa kabisa za Wasomali Marekani, na Wakongo pia; ukipita kwenye maduka ya upande wa kaskazini Kiswahili utakisikia. Watoto wa wazazi hao wamekua wakivaa nyekundu na kijivu. Jirani yangu Mkongo hawezi kuelewa kwa nini mtu aishi Ohio asiishabikie Ohio State, na hoja yake ina uzito.

Nikiulizwa nani atashinda, nasema Ohio State. Wanaotoa makadirio wanawapa ushindi wa zaidi ya pointi 8, na sina la kupinga: wana wapokeaji bora, ukuta uliozoeana, na moto wa mapema.

Lakini mpwa wangu hakuniuliza nani atashinda. Aliuliza amshabikie nani. Nimemjibu: Notre Dame. Kama mapenzi yako kwa mchezo huu yalianza kwa teke la Jeter, basi usiiache timu iliyokupa teke hilo siku 11 baadaye kwa sababu mpinzani ni mkubwa. Na ningetaka umwone Freeman, mwana wa Ohio aliyewahi kuvaa rangi za Ohio State, akirudi kuwakabili waliomlea, siku ile, mji ule.

Kama una usingizi na unataka raha ya haraka, mikimbio mirefu na pasi za kupaa, chukua Ohio State na wala usijisikie vibaya. Utapata unachokitaka robo ya kwanza.

Jambo moja la kuangalia ukishawasha runinga. Kila timu ina namba 4 anayeitwa Yeremia: Love wa Notre Dame, Smith wa Ohio State. Hesabu ni nani kati yao anayegusa mpira zaidi kabla ya saa kumi na robo. Ikiwa ni Love, akisukuma yadi 3, yadi 4, saa ikikimbia na wapokeaji wa Ohio State wamekaa benchi, chemsha chai, maana mechi itafika mwisho. Ikiwa ni Smith, nitumie ujumbe. Nitakuwa macho.